Picha ya tangazo si tangazo

Mhariri,

Kila inapokaribia tarehe 3 Desemba, Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu, magazeti hujaa picha za makabidhiano. Meza imetandikwa kitambaa, simu na kompyuta zimepangwa, mgeni rasmi ameshika ncha moja ya boksi na mpokeaji ameshika nyingine. Kifaa ni kizuri, hatukikatai. Ila sisi tunaofundisha wasioona, viziwi na wenye ulemavu wa viungo kutumia vifaa hivyo tunajua kinachofuata wiki mbili baadaye. Mpokeaji keshajua kuiwasha simu, kaingia kwenye kundi la WhatsApp la kijiji, na kitu cha kwanza anachokutana nacho ni tangazo lililopigwa picha ukutani. Simu inamtamkia neno moja: "Picha."

Barua hii inahusu neno hilo moja na mambo machache yanayofanana nalo, kwa sababu kinachowafungia watu hawa nje ya mtandao siku hizi ni namna sisi wengine tunavyoandika na kutuma, kuliko uhaba wa simu.

Kisoma skrini ni programu inayotamka kwa sauti maandishi yaliyo kwenye kioo. Kwenye Android inaitwa TalkBack, kwenye iPhone ni VoiceOver, na kwenye kompyuta za Windows wengi hutumia NVDA, ambayo ni ya bure na ilianza kutengenezwa Australia mwaka 2006. Programu hizi husoma herufi. Barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, yenye muhuri wa zambarau, ikishapigwa picha, haina tena herufi hata moja ndani yake, ina nukta za rangi tu. Jicho linaziunganisha likaona maneno. Kisoma skrini hakina la kuunganisha.

Mtu atauliza: si kuna programu zinazosoma maandishi ndani ya picha? Zipo, Google Lens ikiwemo, na zinafaa sana kwa karatasi iliyonyooka yenye mwanga wa kutosha. Tabu ni picha zetu. Karatasi imepigwa kwa mshazari, kivuli cha mpigaji kimeangukia nusu yake, muhuri umekaa juu ya tarehe. Hapo 3 inakuwa 8, jina la kijiji linakuwa mchafuko wa herufi, na jedwali la safu mbili linasomwa kwa kuvuka mstari, jina la huyu likaungana na kiasi cha yule. Aliyeambiwa kikao cha parishi cha fedha za PDM, mpango wa serikali wa maendeleo ya parishi, ni tarehe 18, kumbe kilikuwa tarehe 13, amepitwa na mkopo wa shilingi milioni 1 kwa sababu ya wino wa muhuri.

Kurekebisha hili hakuhitaji bajeti. Andika maneno yenyewe ndani ya ujumbe. Kama watu hawaamini mpaka waone muhuri, tuma picha, kisha kwenye nafasi ya maelezo chini yake andika ni jambo gani, ni wapi, siku gani, tarehe ngapi kwa jina la mwezi, saa ngapi, mtu aje na nini na ampigie nani. Saa iandikwe kwa maneno. Tarakimu 10:00 ikitamkwa na sauti ya Kiswahili hutoka "kumi", na msikilizaji wa Kiswahili ataelewa saa kumi za jioni. Andika "saa nne asubuhi". Tarehe 3/4 nayo ni mtego, kwa kuwa kuna simu zinazoisoma kama sehemu ya hesabu na nyingine zinazogeuza mwezi kuwa siku. "Tarehe 3 Aprili" haina utata.

Kuna na mapambo. Zile herufi za mikunjo au za unene wa ajabu zinazotoka kwenye programu za kurembesha majina zinaonekana ni A na B, lakini kwa kompyuta ni alama za hisabati. Kisoma skrini huziruka kabisa, au hutaja kila moja kwa jina refu la Kiingereza, hata msikilizaji anachoka kabla hajafika kwenye jina la marehemu. Maneno yaliyoandikwa yote kwa herufi kubwa wakati mwingine hutajwa herufi moja moja kana kwamba ni kifupisho. Na mishumaa kumi chini ya tangazo la msiba mara nyingi husomwa mshumaa, mshumaa, mshumaa, mpaka ya kumi. Mmoja unatosha kutoa pole.

Wapo wanaodhani wametatua jambo kwa kutuma ujumbe wa sauti. Asiyeona atafurahi, kiziwi atabaki nje. Ndiyo maana tunang'ang'ania maandishi: herufi hizohizo zinageuka sauti kwa asiyeona, zinakuzwa kwa mwenye uoni hafifu, na kiziwi anazisoma kama zilivyo. Isitoshe ni nyepesi. Maneno mia mbili hayafiki kilobaiti 2. Picha ya tangazo hilohilo iliyotumwa WhatsApp huweza kuzidi 100. Kwa anayenunua bando la siku, tofauti hiyo anaijua vizuri.

Maofisini ugonjwa ni uleule ila umevaa suti. Barua inaandikwa kwenye kompyuta, inachapishwa, inatiwa sahihi, inapitishwa kwenye skana na kuwekwa kwenye tovuti ikiwa PDF. Herufi zilikuwepo, zikauawa njiani. Kuna kipimo cha nusu dakika ambacho karani yeyote anaweza kukifanya: fungua faili hiyo, jaribu kuchagua neno moja kwa kipanya. Neno likichagulika peke yake, kisoma skrini kitalisoma. Ukurasa mzima ukishikika kama kipande kimoja, au usishikike kabisa, hiyo ni picha. Suluhisho ni kuihifadhi barua kuwa PDF moja kwa moja kutoka Word, na kabla ya kuihifadhi kuhakikisha kwenye chaguo zake kwamba alama za muundo wa waraka zimewashwa. Sahihi iwekwe kama picha ndogo mwishoni. Ikilazimu kuskani, tumia skana yenye utambuzi wa herufi, kwa dipiai 300 (nukta 300 kwa kila inchi), kisha mtu asome matokeo na kusahihisha. Usiiamini mashine na majina ya watu.

Vichwa vya habari ndani ya waraka navyo vina kazi yake. Watu wengi hukoleza wino na kukuza herufi, basi. Kwa jicho hicho ni kichwa, kwa kisoma skrini ni aya kama nyingine. Ukibonyeza Ctrl, Alt na 1 kwa pamoja ndani ya Word, mstari huo unakuwa kichwa cha kweli, na Ctrl, Alt na 2 ni kichwa kidogo. Msomaji wa NVDA anapofungua waraka wa kurasa arobaini kwenye mtandao hubonyeza herufi H, akaruka kutoka kichwa hadi kichwa kama wewe unavyopekua kurasa kwa kidole gumba. Bila vichwa analazimika kusikiliza kurasa zote arobaini. K humpeleka kwenye viungo, F kwenye sehemu za kujaza, T kwenye majedwali. Mwenye tovuti asiyejua herufi hizi nne anajenga nyumba bila kujua milango iko wapi.

Tovuti ina kipimo chake pia. Weka kipanya kando na utumie kitufe cha Tab peke yake. Kila ukibonyeza, mstari au kivuli kionekane kikionyesha ulipo, Enter ifungue, na usikwame mahali usipoweza kutoka. Fomu iwe na jina la kila kisanduku nje ya kisanduku, kwa kuwa maneno ya kijivu yaliyo ndani hutoweka mtu anapoanza kuandika. Kosa lielezwe kwa maneno. Kisanduku kilichogeuka chekundu hakimwambii kitu asiyeona, wala asiyetofautisha nyekundu na kijani. Maandishi ya kijivu kwenye weupe yamekuwa fasheni, lakini kiwango cha kimataifa cha ufikivu wa tovuti, WCAG, kinataka utofauti wa mwangaza wa angalau 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na mandhari yake, na watu wenye ualbino wanaweza kukueleza kwa nini.

Hapa, Mhariri, tunaingia nyumbani kwako. Gazeti la Kiswahili lililo mtandaoni lazima litamke ndani ya msimbo wa kurasa zake kwamba lugha ni Kiswahili. Ni neno fupi mwanzoni mwa kila ukurasa, lang="sw", na fundi wa tovuti huliweka mara moja kwa kurasa zote. Lisipokuwepo, au likiandikwa "en" kwa kuwa kiolezo kilinunuliwa hivyo, kompyuta husoma habari zako kwa sauti ya Kiingereza. "Wake" wa rais wanakuwa "weiki", "mate" yanakuwa "meiti", na habari nzito ya bajeti inageuka kichekesho. Sauti ya Kiswahili ipo: eSpeak NG inayokuja ndani ya NVDA inayo, ingawa ni ya kimashine kidogo. Inasubiri tu kuambiwa kwamba ni zamu yake.

Sasa kifaa chenyewe, kwa wale wanaonunua vya kugawa. Kumbukumbu ya kufanyia kazi (RAM) isipungue gigabaiti 2. Gigabaiti 3 au 4 ni bora zaidi. Chini ya hapo sauti huchelewa nyuma ya kidole, mtu akadhani hajagusa, akagusa tena, akafungua asichokitaka. Simu iwe na tundu la vifaa vya masikioni vya waya, kwa sababu vya Bluetooth mara nyingi huchelewesha sauti, na vya waya havihitaji kuchajiwa. Kabla ya kulipa, hukohuko dukani, fungua Mipangilio, ingia Ufikivu, ambayo kwenye simu iliyowekwa Kiingereza imeandikwa Accessibility, na uhakikishe TalkBack imo. Kuna simu za bei ya chini zinazokuja bila TalkBack. Hapo itabidi kupakua Android Accessibility Suite kutoka Play Store, ambayo ni ya bure.

Kisha, simu ikiwa bado kwenye Wi-Fi ya ofisi, pakua data ya sauti ya Kiswahili kwenye mipangilio ya kubadilisha maandishi kuwa usemi. Hatua hii ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Bila data hiyo ndani ya simu, sauti inaweza kutegemea mtandao, na siku bando likiisha msomaji naye anaishiwa ubora wa sauti au sauti yenyewe. Kwa ujumbe wa Kiluganda pia tunashauri sauti ya Kiswahili kuliko ya Kiingereza. Irabu ni zilezile tano, hivyo maneno mengi yanaeleweka hata kama lafudhi ni ya mgeni.

TalkBack ikishawashwa, simu hubadilika tabia. Kugusa mara moja hutaja kilichopo, hakifungui. Kufungua ni kugonga mara mbili haraka popote kwenye kioo. Kupangusa kulia humpeleka mtu kwenye kitu kinachofuata, kushoto humrudisha. Kupangusa chini kisha kushoto, bila kuinua kidole, ni kurudi nyuma. Juu kisha kushoto ni kwenda skrini ya mwanzo. Kuteremsha ukurasa ni kwa vidole viwili. Siku ya kwanza fundisha haya tu, kwenye programu moja, na mwendo wa sauti uwe wa polepole. Baada ya wiki chache mwanafunzi mwenyewe ataomba iongezwe kasi mpaka wewe usiielewe. Mwalimu asishike kidole cha mwanafunzi na kukiburuta. Kidole kilichoburutwa hakijifunzi umbali.

Wanaokosea kugonga mara mbili karibu wote wana moja ya matatizo mawili: wanagonga polepole mno, au kiganja kimelalia kioo na simu inahesabu vidole viwili. Mwambie ashike simu kwa mkono mmoja kama anashika kitabu, agonge kwa mwingine.

Pia wajulishe wanaoona nyumbani. Kwenye simu nyingi kubonyeza vitufe viwili vya sauti kwa pamoja kwa sekunde 3 huwasha na kuzima TalkBack, mradi njia hiyo ya mkato imeruhusiwa. Asiyelijua hili anaichukua simu "iliyokufa vidole" kwa fundi, naye fundi asiyeijua TalkBack anaifuta simu nzima irudi kama ilivyotoka kiwandani. Namba, picha, mafunzo ya miezi, vyote vimekwenda kwa sababu ya vitufe viwili.

Programu nyingi za simu zina vitufe vyenye alama tupu: mshale, duara, kapu. TalkBack ikifika hapo husema "kitufe, hakina lebo". Mtumiaji anaweza kukiwekea jina lake mwenyewe kupitia menyu ya TalkBack, na tunawafundisha kufanya hivyo, ila programu ikisasishwa jina hilo huweza kupotea na kazi ikaanza upya. Mtengenezaji angeliandika neno hilo mara moja, kwa mstari mmoja wa msimbo, na watumiaji wote wakapona.

Mobile money inastahili aya zake, maana Uganda ya leo ukikosa mobile money umekosa soko. Menyu ya *165# ya MTN au *185# ya Airtel ni maandishi, hivyo kinadharia inasomeka. Kikwazo ni muda. Kisanduku cha menyu kinapotokea, TalkBack husoma chaguo zote kuanzia la kwanza, kisha mtu apanguse mpaka kwenye nafasi ya kuandika, aandike namba, apanguse mpaka kwenye kitufe cha kutuma. Menyu ikiwa na chaguo saba na hatua tano, mtandao humkatia katikati na kumrudisha mwanzo. Wanafunzi tunawashauri wakariri mpangilio wa namba za huduma wanayoitumia zaidi, wasisubiri kusomewa. Mahali ambapo mtandao unakubali kuunganisha namba za menyu kwa nyota katika msimbo mmoja, waandike msimbo huo na kuuhifadhi kwenye orodha ya majina ya simu. Lakini mzigo huu ni wa makampuni: chaguo zisizidi nne au tano kwa ukurasa, inayotumika zaidi iwe ya kwanza, muda uongezwe, na menyu zisipangwe upya kila msimu wa promosheni, kwa sababu aliyekariri 4 ni kununua muda wa maongezi atajikuta ananunua bima.

Jambo la pili ni siri. Kwenye simu nyingi kisanduku cha menyu hizi hakijui kwamba kinachoandikwa ni namba ya siri. Hakiifichi kwa nukta, na TalkBack hutamka kila tarakimu kwa sauti. Mtu akifanya hivyo ndani ya taksi, yaani basi dogo la abiria kumi na wanne, amewapa abiria kumi na watatu ufunguo wa pochi yake. Vifaa vya masikioni, sikio moja tu ili la pili libaki kusikiliza barabara, ni lazima hapa. Menyu ya TalkBack ina chaguo la kuficha skrini, kioo kikawa cheusi huku simu ikiendelea kufanya kazi, wachache wanalijua. Na wakala asipewe namba ya siri "asaidie kidogo". Aliyekwisha kuitoa aibadilishe leo, peke yake.

Kwa viziwi mambo yanageuka. Katiba ya 1995 ilikwishaitaja lugha ya alama katika malengo ya taifa, jambo ambalo nchi nyingi hazikuwa nalo wakati huo. Kwa kiziwi aliyekua na Lugha ya Alama ya Uganda, Kiswahili cha maandishi ni lugha ya pili au ya tatu. Sentensi fupi, zenye mtendaji na tendo waziwazi, zinamfaa kuliko sentensi ya kiofisi yenye "kwa kuzingatia hayo yaliyotajwa hapo juu".

Simu ya kawaida kwake ni simu ya video. Ili ishara zisomeke vizuri, video inahitaji fremu, yaani picha moja moja zinazoiunda, kama 20 kwa sekunde au zaidi. Zikishuka chini ya 12 mikono inaruka na herufi za vidole hazishikiki. Kwa hiyo ni heri picha yenye ukungu inayokwenda kwa ulaini kuliko picha safi inayoganda. Mtandao ukiwa dhaifu, zima programu nyingine zinazotumia data na usogee karibu na dirisha, mwanga ukupige usoni. Dirisha likiwa mgongoni unakuwa kivuli chenye mikono. Simu iegemezwe kwenye kitu, kwa kuwa mkono ulioshika simu ni nusu ya mdomo uliofungwa. Nguo iwe ya rangi moja, tofauti na ngozi.

Gharama yake ndiyo isiyosemwa. Mazungumzo ya video hula megabaiti kadhaa kwa dakika, ilhali ya sauti kupitia WhatsApp kwa kawaida hayafiki moja. Juu ya hapo, tangu Julai 2021 data inatozwa ushuru wa asilimia 12, isipokuwa data ya huduma za tiba na elimu. Anayesikia anaweza kununua dakika chache za kawaida akampigia mama yake. Kiziwi hana dakika za kununua. Hana budi kununua data, na kuilipia ushuru. Kama serikali iliweza kutenga tiba na elimu, inaweza kuombwa ifikirie simu ya video ya kiziwi, na makampuni hayahitaji kusubiri bunge ili kuanzisha bando lake.

Video za matangazo nazo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2006, ambayo ya mwaka 2020 ilichukua nafasi yake, ilidai televisheni ziweke mkalimani wa lugha ya alama au maandishi katika angalau taarifa kuu moja ya habari kila siku. Mtandaoni, ambako vijana wako, hatuoni bidii hiyo. Na hata pale mkalimani anapowekwa, anapewa kisanduku cha ukubwa wa stempu pembeni. Kwenye kioo cha simu vidole vyake havionekani. Robo ya skrini iwe ndiyo kima cha chini, na jina la mzungumzaji lisipite juu ya mikono yake.

Kuandika maneno chini ya video hakuhitaji studio. Faili ya SRT huandikwa hata kwenye Notepad: namba ya kipande, mstari wa muda kama 00:00:01,000 --> 00:00:04,000, kisha maneno, kisha mstari mtupu. Mistari isizidi miwili kwa kipande, herufi kama arobaini kila mmoja, na faili ihifadhiwe kwa usimbaji wa herufi wa UTF-8. YouTube huipokea faili hiyo ikiwa kando na video. WhatsApp haipokei, hivyo video ya huko maneno yachomwe ndani ya picha yenyewe. Programu zinazoandika usemi papo hapo zinasaidia kwenye kikao cha watu wachache, lakini mzungumzaji anayechanganya Kiswahili, Kiluganda na Kiingereza ndani ya sentensi moja, yaani karibu kila mmoja wetu, huzifanya zitoe upuuzi. Mkutano muhimu bado unahitaji mkalimani, naye apewe hotuba siku moja kabla.

Kwa wenye ulemavu wa mikono, mengi yamo tayari ndani ya Windows. Shift ikibonyezwa mara tano mfululizo huwasha vitufe vinavyonata, hivyo mwenye kidole kimoja anaweza kupiga Ctrl kisha C badala ya vyote kwa pamoja. Shift ya kulia ikishikiliwa kwa sekunde 8 huwasha kichujio kinachopuuza migongano ya mkono unaotetemeka. Bamba la plastiki lenye matundu juu ya kila kitufe huchongwa na fundi yeyote mwenye drili na subira. Mwenye ualbino hahitaji kisoma skrini mara nyingi. Anahitaji maandishi makubwa, mandhari nyeusi, ukuzaji wa kioo cha simu ya Android kwa kugonga mara tatu, na dirisha liwe ubavuni mwake. Likiwa mbele linamchoma macho, likiwa nyuma linang'aa kwenye kioo.

Chumba cha mafunzo: mlango wa sentimita 80 au zaidi, mteremko usiozidi kupanda 1 kwa 12, nafasi ya magoti ya sentimita 70 chini ya meza. Na choo, ambacho wapangaji hukikumbuka baada ya ufunguzi.

Kwa wasomaji wa Kiswahili kuna fursa iliyolala. Mkataba wa Marrakesh unaruhusu vitabu kugeuzwa breli, sauti au faili zinazosomeka kwa ajili ya wasioona bila kuomba ruhusa ya kila mchapishaji, na nakala hizo kuvushwa mpaka. Kenya iliingia 2017, Uganda 2018, Tanzania 2020. Maana yake kitabu cha Kiswahili kilichotengenezwa hivyo Nairobi au Dar es Salaam na chombo kinachotambuliwa kinaweza kufika Jinja kihalali bila mtu kukichapa upya. Kiswahili hakina alama za ziada juu ya herufi, hivyo hata kibodi ya breli ya nukta sita iliyo ndani ya TalkBack humwezesha aliyesoma breli shuleni kukiandika kwa kasi kwa mpangilio wa herufi kamili. Shule zinazofundisha Kiswahili zingeanza kuviomba vitabu hivyo.

Mfano mzuri wa nyumbani tayari tunao. Matokeo ya mitihani ya UNEB, baraza la mitihani la taifa, hupatikana kwa SMS kupitia 6600, kwa herufi tupu. Asiyeona huyasikia, kiziwi huyasoma, mwenye simu ya kitochi naye hakuachwa.

Ombi letu kwako, Mhariri, ni la kazi ya wiki moja. Matangazo ya vifo, zabuni na nafasi za kazi kwenye tovuti yako yamewekwa kama picha za ukurasa wa gazeti. Maneno yake yawekwe pia kama maandishi chini ya kila picha, kwa kuwa mteja alikwisha kuyatuma yakiwa yameandikwa. Fundi aweke lang="sw". Kila picha ya habari ipewe maelezo ya sentensi moja inayosema kinachoonekana, badala ya "IMG" na tarakimu nane. Kisha, kabla ya kutangaza kwamba kazi imekwisha, mwiteni msomaji mmoja asiyeona na mmoja kiziwi, wakae na tovuti hiyo saa mbili kila mmoja, na muwalipe kama mnavyomlipa fundi.

Wakufunzi wa simu na kompyuta kwa watu wenye ulemavu,
Jinja